Inanukia Sultani

Jumapili nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau. Nikatia karafuu, na kabla bizari nzima haijafuata, kitindamimba wangu akapita jikoni kutafuta chaja. Akavuta pumzi, akasema, "Inanukia Sultani." Akaipata chaja yake, akaondoka. Mimi nikabaki na mwiko mkononi mpaka vitunguu vikaanza kushika chini.

Ana miaka 15 sasa. Wakati ule alikuwa na 8, na baba yangu alikuwa amekuja kwangu Dar kutoka Pemba kuondolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limefunikwa, jingine linatukagua sote.

Sultani alikuwa samaki wa dhahabu, mwenye mkia mpana kama mtandio. Tulikaa naye miaka 4. Baba ni Mkojani, wa kisiwa cha Kojani huko Pemba, mtu wa dago, yaani kambi za wavuvi, amevua pwani yote hii tangu hajaota ndevu, na siku ya kwanza alipoliona lile tangi la kioo sebuleni aliuliza, "Huyu mnamkuza mle lini?" Mjukuu wake alilia. Baba akaomba radhi kwa samaki.

Ugonjwa wenyewe niupite haraka. Tumbo lilivimba, kisha magamba yakasimama, mwili mzima kama ganda la nanasi. Nilimpata daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na kuku, akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba samaki wa maji baridi anaingiwa na maji mwilini mchana na usiku, na kazi ya figo ni kuyatoa. Magamba yakishasimama hivyo, mara nyingi figo zimekwisha. Tukajaribu chumvi ya haluli, tukajaribu dawa kwenye chakula. Siku 9.

"Angalia mambo matatu," aliniambia. "Anakula? Anakuja ukikaribia? Anaweza kukaa sawasawa majini? Mawili yakiondoka, anza kufikiri. Yote matatu yakiondoka, umechelewa."

Nikamuuliza namna. Nilikuwa nimesikia watu wanawatia kwenye friza, wengine wanawamwaga chooni. Akasema huko ni kumtesa tu, utumie mafuta ya karafuu. Wanaofuga sato na perege huwalaza kwa mafuta hayo wakitaka kuwapima, ukizidisha, hawaamki. Nikaona aibu kidogo. Mimi mtoto wa Pemba nafundishwa karafuu na mtu wa bara.

Na mafuta yalikuwamo humo humo nyumbani. Baba hasafiri bila kichupa chake, kwa ajili ya jino.

Nilipomwambia, alikataa. Si mafuta, jambo lenyewe. "Mie nimeua samaki, mwanangu, hesabu yake anayo Mungu. Wote wa kula. Huyu wa kuuliwa kwa kuonewa huruma simjui." Nikamwambia anateseka. "Na wale wangu walikuwa wanacheza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri.

Nikapanga Alhamisi, watoto wakilala. Alhamisi asubuhi nikasogea kwenye kioo kumuaga, nikaangusha punje moja ya chakula kwa mazoea tu. Akapanda. Kwa shida, upande upande, lakini alipanda, akaidaka mdomoni, akashuka nayo. Nilipiga kelele mpaka baba akatoka chumbani na kanzu yake ya kulalia. Amekula! Nikampigia daktari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwangalie."

Nikamwangalia siku 4. Sikumwangushia nyingine kwa sababu hakuinuka tena chini. Kila asubuhi nilijiambia, lakini Alhamisi alikula.

Jumatatu usiku nilichota maji ya tangi lile lile, lita 4, nikayatia kwenye beseni jeupe la kuoshea mchele. Nilimhamisha kwa kikombe, maana niliogopa magamba yale yangenasa kwenye wavu. Mafuta na maji havipatani, kwa hiyo matone ya kwanza niliyatia kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu, nikatikisa mpaka yakawa meupe kama tui la pili, nikamimina pembezoni, kidogo kidogo.

Jikoni kukanukia Pemba. Pemba ya msimu, majamvi yametandazwa mpaka kando ya barabara, sisi watoto tunachambua karafuu jioni, huku rundo la karafuu, huku rundo la makonyo, vidole vinanata. Makonyo nayo hupikwa yakatolewa mafuta. Nilikuwa nimelala juu ya marundo yale nikiwa na umri wa binti yangu.

Sultani alizunguka beseni mara mbili. Kisha akaanza kulala upande, kama ngalawa iliyovunjika tengo. Akajiinua. Akalala tena, akajiinua. Mara ya tatu hakujiinua. Akapinduka polepole, tumbo juu, na jicho moja likawa linanitazama mimi au linatazama taa. Samaki hana kope. Hilo silo jambo geni kwangu, nimepaa samaki tangu utoto, lakini nilikuwa nimekaa pale nasubiri afumbe macho.

Nilimgusa mkia. Hakushtuka. Hapo ndipo nilipoambiwa nitie yaliyobaki, nikatia yote. Matamvua yakafunguka, yakatulia, yakafunguka. Nikajikuta nahesabu. Lilipofika la 11 kukawa kimya kirefu, nikasema basi. Likaja la 12. Baada ya hapo nilikaa dakika 40 bila kumtoa, kwa sababu daktari alionya kwamba anaweza kuonekana amekufa, ukamrudisha kwenye maji safi akazinduka. Nilikuwa nimekalia mbuzi ya nazi, ndiyo iliyokuwa karibu, na sikuthubutu kuinuka kutafuta kiti.

Asubuhi baba alitafuta kichupa chake. Akakiinamisha, akakisogeza kwenye jicho lililo wazi.

"Mafuta yangu yamekwenda wapi?"

"Nimeyatumia mimi, baba."

"Yote? Samaki mmoja?"

"Yote."

Akakifunga kile kifuniko kwa uangalifu, kama vile bado kuna kitu ndani. "Alitapatapa?"

"Hapana, baba."

Alikaa akifikiri muda mrefu. "Mie sijapata kumwona samaki asiyetapatapa." Kisha akaomba chai.

Binti yangu nilimwambia Sultani amekufa usiku. Ni kweli, alikufa usiku. Nyumba nzima ilikuwa inanuka karafuu na dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na hakuuliza, nami sikumpa nafasi ya kuuliza.

Alipokwenda shule nikamwaga maji ya tangi. Chini, kati ya kokoto, nikaikuta ile punje. Imevimba, imeota ukungu mweupe pande zote, lakini nzima. Alikuwa ameitema.

Jumapili pilau ilipoiva akarudi na simu yake, akajipakulia, akakaa mbele yangu. Akala akitoa karafuu moja moja, akizipanga kwenye ukingo wa sahani, kama anavyofanya siku zote.