Swala mmoja naye huandikwa

Nimerudi Iringa mjini jana jioni, vumbi la Tungamalenga bado liko kwenye nywele. Leo nimeshinda na daftari la siku kumi na mbili, na siku tatu za mwanzo imebidi nizifute.

Kazi yenyewe, kupima ukubwa wa makundi ya wanyama, ukiisikia utaiona nyepesi. Ukikutana na swala pala, tandala au twiga ndani ya Hifadhi ya Ruaha, andika saa, mahali, na wako wangapi. Zile siku tatu, kila nilipoona dume la swala pala amesimama peke yake, nilimpita. Natafuta makundi, nilijiambia, na mmoja si kundi. Siku ya nne askari tuliyekuwa naye, mtu mzima aliyelijua pori lile kuliko ramani yangu, akaniuliza:

"Mwanangu, huyu mbona humwandiki?"

"Afande, yuko peke yake."

"Si ndivyo anavyoishi? Andika moja."

Nikaandika moja, na moyo ukanishuka. Ukiwaacha wapweke, wastani unapanda, na umeshalisemea pori jambo ambalo halipo.

Kuamua kundi linaishia wapi nako kulinitesa. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mnyama aliye zaidi ya mita 50 kutoka kwa mwenzake wa karibu ni wa kundi jingine. Asubuhi moja karibu na Msembe walivuka barabara mbele yetu. Nilihesabu 22, nikaona masikio yakicheza nyuma ya kichaka, wakawa 26. Jike wa mwisho alisimama katikati ya barabara akatutazama, karibu kiasi cha kuona vile vishada vyeusi vya manyoya juu ya kwato zake za nyuma. Ng'ambo kulikuwa na wengine tisa, mbali kiasi, wakila. Nikaandika makundi mawili. Kabla dereva hajawasha gari, wale 26 walikuwa wameshawafikia wenzao. Niliacha mawili, kwa sababu ndivyo walivyokuwa nilipowaona, lakini bado nayafikiria.

Tena ni kiangazi. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka sehemu kubwa kila msimu kama huu, umebaki madimbwi. Swala, nyati na pundamilia wanabanana pale kwa sababu ya maji. Hao niliwaandikia alama ya pembeni, maana watu waliokutana kisimani si lazima wawe wa ukoo mmoja.

Usiku huu nimechukua asubuhi moja ya swala pala nikaipigia hesabu. Makundi sita: 1, 1, 2, 2, 4 na 50. Jumla 60, wastani 10. Lakini hakuna hata swala mmoja aliyekuwa kwenye kundi la kumi! Hamsini kati ya sitini walikuwa kwenye lile kundi kubwa. Ni kama daladala za Kihesa: mwenye magari anaweza kusema kwa wastani zinabeba watu wachache, kwa kuwa mchana zinazunguka karibu tupu. Muulize abiria. Abiria wengi wamo kwenye zile zilizojaa, na wanachokijua wao ni kubanwa.

Mwanabiolojia Peter Jarman, ambaye mwaka 1974 alionyesha jinsi ukubwa wa mwili na aina ya chakula vinavyokwenda pamoja na ukubwa wa kundi, digidigi wakiishi wawili wawili wakichagua machipukizi na nyati wakitembea kwa mamia kwenye nyasi, alipendekeza mwaka 1982 kipimo cha upande wa mnyama. Kila kundi unalizidisha kwa lenyewe, unajumlisha, kisha unagawanya kwa idadi ya wanyama wote. Kwangu imetoka 42.1. Nimeirudia mara tatu. Hapo ndipo nilipohisi nimesogea karibu na swala mwenyewe: macho mangapi yanamlindia simba, midomo mingapi inagombania majani yake.

Nitaandika namba zote mbili.

Zile siku tatu nimezikata kwa wino mwekundu. Dume mmoja wa siku ya kwanza, aliyekuwa chini ya mkwaju, namkumbuka hata ncha ya pembe yake ya kushoto ilivyovunjika. Wengine niliowapita siwakumbuki, kwa hiyo siwezi kumrudisha yeye peke yake.