Laki Saba

Sindano ya kwanza nilimchoma dada yangu jikoni kwake, Columbus, Ohio, Oktoba 1998, baada ya kufanya mazoezi kwenye chungwa. Muuguzi alinielekeza: finya ngozi ya tumbo, ingiza, sukuma polepole. Chungwa halilalamiki. Dada alitukana kwa Kidigo, tusi ambalo sikuwa nimelisikia tangu bibi yetu afariki.

Dawa ilikuwa filgrastimu, tukiiweka kwenye friji pembeni ya chupa ya achari. Kazi yake ni kuuchokoza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, uzalishe chembe nyeupe kwa wingi, mpaka zile chembe mama, zinazozaa chembe zote za damu na ambazo kwa kawaida hukaa humo humo mfupani, zianze kumwagikia kwenye damu. Hapo mashine inaziokota. Saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye tezi zaidi ya kumi za kwapani, na madaktari walitaka kumpa kemo, yaani dawa za kuua saratani, kali kupita kiasi. Kemo ya namna hiyo inaua na uloto pia. Kwa hiyo unavuna kwanza, unagandisha, unapiga dawa, kisha unamrudishia mwenyewe chembe zake.

Siku ya nne mifupa ikaanza kumuuma, kiuno na kifua vikipwita. Muuguzi akasema ni dalili njema, uloto unachapa kazi.

“Basi humo ndani pana harusi,” Dada akasema, akameza panadoli mbili.

Kesho yake tukaenda kuvuna. Damu ilitoka kwenye mrija uliopachikwa kifuani, ikazungushwa kwa kasi ndani ya mashine, tabaka moja jembamba likachotwa, iliyobaki ikarudi mwilini. Saa nne nzima. Dawa ya kuzuia damu isigande hula kalsiamu, ndiyo maana midomo ilimfa ganzi akawa anatafuna vidonge vyenye ladha ya chaki. Kifuko kilichojaa kilikuwa kidogo, rangi ya rojo la nyanya. Nilikitazama nikaona aibu, sijui kwa nini.

Jioni hospitali ilipiga simu kutoa hesabu. Chembe mama zinahesabiwa kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa: daktari alitamani milioni tano, na chini ya milioni mbili hakuna kinachoendelea. Tulipata laki saba. Kemo za mwanzo zilikuwa zimeuchosha uloto wake.

Tanga ilikuwa saa saba usiku, na Mama siku hizo alilala kwa jirani mwenye simu.

“Wamepata ngapi?”

“Laki saba, Mama.”

“Laki saba! Alhamdulillahi!”

Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Siku ya pili, laki tisa.

Watu walipigania tiba hii. Desemba 1993 wazee wa baraza katika mahakama moja ya California waliamuru kampuni ya bima ilipe dola milioni 89 kwa kumnyima mwanamke mmoja matibabu hayo, alikuwa ameshafariki. Bima ya Dada nayo ilikataa mpaka ilipopata barua ya wakili. Kisha Mei 1999, miezi saba tu baada ya sindano zangu za jikoni, matokeo ya majaribio matano yakasomwa kwenye mkutano wa Atlanta. Manne hayakuona kwamba kemo ile inawazidishia wanawake maisha kuliko kemo ya kawaida. La tano, la Afrika Kusini, lilimeta peke yake. Mwaka uliofuata ikabainika takwimu zake zilikuwa za uongo. Dada yupo hai mpaka leo, na sijapata daktari wa kuniambia kama ni kwa ajili ya zile wiki za kutapika na vidonda vya mdomo, au angepona tu bila hizo. Hasira yangu sijui niielekeze wapi.

Lakini Oktoba ile hatukuyajua hayo. Siku ya tatu simu ilichelewa. Dada alikuwa amejifunika khanga mpaka usoni, akajifanya amelala. Nilipoweka mkono wa simu chini, akauliza bila kujifunua, “Haya, sema.”

“Laki sita.”

Akajumlisha kwa vidole chini ya khanga, niliona kitambaa kikicheza. Kisha akasema, “Mpigie Mama.”

Nikapiga.

“Milioni mbili na laki mbili, Mama.”

“Milioni?”

“Milioni mbili.”

Kimya. Halafu nikamsikia, ndani ya nyumba ya watu, saa nane kasorobo usiku: “Amkeni! Amkeni nyote!”