Kumlia kiapo mtu asiyekutuma

Jumamosi, usiku.

Rafiki yangu ameniachia laptop yake ya Gentoo, Linux ambayo programu zake hujengwa hapohapo kutoka msimbo, na maneno machache: "Kaka, GCC imeharibika, hii." GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ina hitilafu zake, sikatai, ila nikisikia kompaila ndiyo mbovu huwa naanza na /etc/portage/make.conf, faili la vigezo anavyopewa kompaila. Nikakuta nilichokitarajia: -O3 -march=native -flto -ffast-math. Chini yake, -j16, yaani kazi 16 kwa mpigo, na mashine yenyewe ina RAM ya GB 8.

Tatizo la kwanza lilikuwa jepesi. Mwisho wa logi husema tu kwamba make imeshindwa. Sababu iko juu huko, imezikwa na kazi nyingine zilizokuwa zikiendelea sambamba. Nikapanda hadi nikaiona: cc1plus, sehemu ya GCC inayokompaili C++, imeuawa. Kernel imeishiwa kumbukumbu, basi. Gentoo wenyewe wanashauri GB 2 kwa kila kazi, kwa hiyo nikaweka -j4.

Lililonikalisha ni maktaba ya hesabu iliyokompailiwa vizuri kabisa, kisha ikaanguka kwenye majaribio yake. Ndani ya -ffast-math mna -ffinite-math-only, na hiki ni kiapo: unamhakikishia GCC kuwa NaN ("si namba", tokeo la hesabu isiyo na jibu) haitatokea kamwe, wala namba isiyo na kikomo. GCC anakuamini. Akikuta x != x (x si sawa na yenyewe), ambayo ndiyo njia ya zamani ya kuitambua NaN, anaona jibu haliwezi kuwa kweli, anaifuta. Jaribio linaomba kipeuo cha pili cha -1, linapata NaN, halafu linaambiwa hakuna NaN hapa. Aliyeandika maktaba hakuapa hivyo. Aliyeapa ni make.conf. Na -ffast-math hiyohiyo inaruhusu kupanga upya kujumlisha, wakati (0.1+0.2)+0.3 hutoa 0.6000000000000001, na 0.1+(0.2+0.3) hutoa 0.6.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kabla ya GCC 13, ya mwaka 2023, maktaba moja ya pamoja iliyojengwa hivyo kwenye x86 ingeweza kubadilisha namna programu nzima inavyoshughulikia namba ndogo mno. Jirani anakula, wewe unaumwa tumbo.

LTO, ile -flto inayoboresha faili zote kwa pamoja, naitetea. Kifurushi kimoja kilipata onyo kwa sababu faili mbili zilitangaza kigeu kilekile, moja kwa int na nyingine kwa long. Bila LTO kila faili hukompailiwa peke yake, hakuna wa kuona. Kosa ni la msimbo, LTO imelianika tu. Nimekiwekea -fno-lto kupitia package.env, faili la vigezo vya kifurushi kimojakimoja, na ripoti nitawaandikia watunzaji wake kesho.

Kwa mfumo mzima nimebakiza -O2 -march=native -flto -pipe. Jamaa kanung'unika kwenye simu kwamba namwondolea kasi. Nikamwambia tangu GCC 12 hata -O2 hufanya vekta, yaani hesabu kadhaa kwa mpigo, na kama anaihitaji -O3 aiweke kwenye programu anayoitumia kweli, aipime kwa time, ndipo tubishane.

Hatapima leo. Vyote vilivyojengwa kwa -ffast-math lazima vijengwe upya, nami nimeshawasha emerge -e @world, amri ya kujenga mfumo mzima upya, kwa -j4. LLVM, mradi mzito wa kompaila, bado haijafikiwa.