Jina Lililosinyaa

Nilikuwa na umri wa miaka 24 nilipokabidhiwa mkoba wa turubai, kalamu mbili na bunda la madodoso, nikatumwa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Machame, wilayani Hai, kuuliza kama kuna mtu anayetetemeka. Hivyo ndivyo nilivyoielewa kazi yenyewe, na kosa langu lilianzia hapo. Watafiti waliotoka Uingereza, wakishirikiana na madaktari wetu, walitaka kujua ni watu wangapi wilayani humo wana ugonjwa wa Parkinson, kwa sababu hesabu za ugonjwa huo katika Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa chache mno. Sisi makarani tungepita kila kaya tukiuliza maswali ya mchujo, na yeyote ambaye majibu yake yangetia shaka angefuatwa na daktari.

Siku ya mafunzo daktari alitutahadharisha. Alisema kwamba James Parkinson, tabibu wa London aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817 baada ya kuwaangalia watu sita, ambao baadhi yao alikuwa amewaona barabarani tu, aliuita kwa jina lenye maana ya kupooza kwa kutetemeka, na kwamba miongo kadhaa baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris alilikataa jina hilo, kwa kuwa wagonjwa aliowaona hawakuwa dhaifu kama waliopooza, wala si wote waliotetemeka. Charcot ndiye aliyetaka uitwe kwa jina la Parkinson. Niliyaandika hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, nikaenda vijijini kutafuta watetemekaji.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa ndani ya kihamba chenye migomba iliyosongamana na mibuni michache ya zamani. Bibi mwenye umri wa miaka 71 alikuwa ameketi barazani, ungo wa maharage ukiwa mapajani mwake, na mkaza mwana wake alikuwa akifua pembeni. Nilimwamkia shikamoo, na marahaba yake ikachelewa kidogo, ikatoka kwa sauti ya chini iliyonilazimu kuinama. Mkaza mwana akadakia kutoka kwenye beseni kwamba nisijali, bibi siku hizi amenuna, hacheki hata na wajukuu, na hakuna anayejua amekosewa nini. Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kuhesabu makosa yake yote na asilione lenyewe.

Nilisoma maswali. Je, mikono au miguu yako hutetemeka? Alininyooshea mikono yote miwili juu ya ungo, nayo ilitulia tuli. Je, umekuwa mzito wa mwili kuliko zamani? Alinitazama bila kupepesa. "Mjukuu wangu, nani asiyekuwa mzito kwa umri huu?" Nikacheka, nikaandika hapana. Je, huanguka? Mara moja tu, kwa utelezi wa masika, nayo nikaandika hapana, maana masika ya Machame humwangusha hata kijana. Lililobaki lilikuwa jina. Watu wengi walinitajia majina yao nikayaandika mwenyewe, lakini bibi huyu alikuwa amesomea shule ya misheni ya Kilutheri na hakutaka kuandikiwa. Akaichukua kalamu. Alikawia sana, nami nikawa nayaangalia mawingu yakishuka mlimani huku nikiwaza nyumba nne zilizonisubiri kabla ya mvua.

Usiku ule, nikipanga karatasi kwa mwanga wa kandili, ndipo nilipoliona jina lile. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa na yenye mkia, kama walivyofundishwa watoto wa misheni. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, ya tatu ndogo kuliko ya pili, na nne za mwisho zilikuwa zimejikunja pamoja mfano wa siafu walionyeshewa. Nilirudi kwenye daftari langu, kwenye ukurasa uleule wenye mstari, nikasoma kwamba alama ambayo lazima iwepo katika ugonjwa huu ni wepesi wa mwili kupungua, na kwamba mwandiko wa mgonjwa husinyaa kadiri anavyoendelea kuandika. Nilikuwa nimemwuliza kuhusu uzito, akanipa jibu la heshima linalotolewa na wazee wote, nami nikalipokea kwa sababu lilinisaidia kuwahi. Kwenye dodoso langu bibi alikuwa mzima. Ningeliwasilisha asubuhi vile lilivyokuwa, asingerudiwa na mtu.

Nilimweleza daktari kabla hata hajanywa chai. Hakunikaripia, jambo ambalo ningelivumilia kwa urahisi zaidi. Alilitazama jina lile kwa muda, kisha akauliza njia ya kwenda huko inapitika kwa gari au kwa miguu.

Nilitarajia vipimo vya damu au picha za ubongo. Daktari hakuwa na chochote mkononi. Alinieleza njiani kwamba hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha ugonjwa huu hospitalini, na kwamba kinachoutambua ni jicho na mkono wa mchunguzi, kisha namna mwili unavyoitikia dawa. Barazani alimwomba bibi agonganishe kidole cha shahada na gumba, akivipanua kabisa, upesi awezavyo. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kwa kupanuka vizuri, vikapungua, vikapungua tena, hadi vikawa vinagusana tu bila kuachana. Nilikuwa nikiliona jina lilelile likiandikwa upya hewani. Kisha akaushika mkono huo, akaukunja na kuukunjua polepole kwenye kiwiko huku akimwambia bibi aupunge ule mwingine, akaniita niushike na mimi. Haukuwa mlaini wala haukuwa umekaza moja kwa moja. Ulikwenda kwa vituo vidogo vidogo, kama gurudumu la meno linalozungushwa kwa mkono.

Alipomwambia atembee hadi kwenye mti wa mwisho na kurudi, mkono wa kulia ulibaki umeganda ubavuni wakati wa kushoto ukipunga, na kugeuka kulimchukua hatua ndogo ndogo nyingi, zaidi ya nilizoweza kuzihesabu. Daktari akauliza kama bado anasikia harufu ya kahawa ikikaangwa. Bibi akafikiri. Akasema kahawa iliacha kunukia miaka mingi iliyopita, naye alidhani ni mibuni iliyozeeka.

Kilichonibana zaidi kilikuwa uso. Daktari alimweleza mkaza mwana, kwa Kiswahili cha taratibu na bila kumlaumu mtu, kwamba katika kina cha ubongo kuna sehemu yenye seli nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanzisha mwendo na kuuendesha kwa wepesi. Seli hizo zinapokufa, misuli ya uso nayo hupoteza wepesi wake, tabasamu halifiki, macho hayapepesi, na mtu huonekana amenuna ilhali moyoni hana kinyongo. Mama yule aliacha nguo kwenye beseni. Hakusema kitu. Baadaye, tulipokuwa tunaaga, nilimwona ameketi chini karibu na miguu ya bibi, akimsaidia kuchambua maharage, na maharage hayo yalikwisha kuchambuliwa tangu asubuhi.

Dawa ilikuwa levodopa iliyochanganywa na kabidopa, ambayo huizuia ile ya kwanza isiharibikie njiani kabla ya kufika ubongoni. Daktari alisisitiza vidonge vimezwe kabla ya chakula, maana protini za nyama na maharage hushindana na dawa katika kuingia mwilini, na kwa nyumba ile agizo la kutenganisha dawa na maharage lilikuwa mtihani. Akatania pia kwamba upupu, ule ule tuliowamwagia wenzetu vitandani shule ya bweni, una levodopa ndani ya mbegu zake. Nilidhani ni mzaha mpaka mwaka 2017 nilipokutana na matokeo ya watafiti walioujaribu unga wa mbegu hizo kwa wagonjwa wa Bolivia, kwa kuwa hata huko vidonge huwashinda wengi kwa bei.

Matokeo ya Hai yalichapishwa mwaka 2008: watu 33 wenye Parkinson katika wakazi 161,071, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kile wanachougua. Wasomaji waliijadili ile 33 kwa udogo wake ikilinganishwa na Ulaya, na mjadala huo una haki yake, kwa kuwa wazee wetu ni wachache na wagonjwa hawaishi muda mrefu bila dawa. Mimi huiona namba hiyo nikakumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi kuandika hapana.

Nilirudi kwa bibi wiki chache baada ya uchunguzi, safari hii bila dodoso. Marahaba yake iliniwahi kabla sijamaliza kuinama. Aliniomba karatasi, akaandika jina lake, na siafu wa mwisho walikuwa bado wadogo ila walisomeka. Kisha akaniuliza vidonge vikiisha itakuwaje, kwa sababu mwanawe alikuwa ameulizia maduka mawili ya dawa mjini Moshi asivipate. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tuvihesabu kwanza. Akavimwaga juu ya ungo, akawa anavisukuma kimoja kimoja kwa kidole cha mkono wa kulia huku akitaja namba kwa sauti, wala hakutaka nimsaidie. Vilikuwa 41. Kwa vitatu kila siku, vya siku 13, na viwili vya ziada.