Binti za Shalumu na Chuo cha Githunguri

Somo: Nehemia 3:1-12

Wapendwa katika Bwana, sura ya tatu ya Nehemia wengi wetu huiruka, maana ni majina matupu ya watu na vipande vya ukuta wa Yerusalemu walivyovijenga. Hata hivyo aya ya 12 inamtaja Shalumu, mkuu aliyejenga pamoja na binti zake, na aya ya 5 haikuona haya kueleza kwamba wakuu wa Watekoa, watu wa mji wa Tekoa, walikataa kutia shingo zao kazini.

Nikiisoma juma hili nimeukumbuka mji mdogo wa Githunguri, kule Kiambu. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya wamishonari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi waliziacha shule za misheni wakajijengea zao. Nazo zilihitaji walimu, ndipo mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alipofungua chuo cha ualimu hapo Githunguri. Marika yalichanga, rika moja likishindana na jingine, na akina mama wakajitwika mchango wa bweni la wasichana. Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alikuja kukiongoza. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga, na mahali pale pale watu walipojifunza ualimu pakawa pa kunyongea watu. Sitalipamba jambo hilo kwa maneno ya faraja.

Koinange na Kenyatta tunawakumbuka, na ni haki yao. Wale waliochangia bweni tunawaita tu "akina mama", ilhali Nehemia hakuimaliza orodha ya sura hii kwa "na wengineo".

Nami sina mdomo wa kumlaumu mtu. Mwezi uliopita nilipewa kusoma orodha ya michango ya paa la ukumbi wetu. Nikawataja waliotoa kuanzia shilingi 5,000, kisha, kwa kuwa muda ulikuwa umetutupa mkono, nikamalizia kwa "na wengineo". Baada ya ibada, mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na lango, ambaye alileta shilingi 200 za sarafu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso, aliniuliza kwa upole kama fedha zake zilifika.

Zilikuwa zimefika. Jina lake lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe.