Kilichopita Kwenye Bomba

Mama aliyekuwa akiniuzia nanasi sokoni Mabibo alimenya akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Nanasi linakula vidole, mwanangu. Na shina lake ndiyo balaa zaidi." Hapo ndipo nilipopata utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni.

Kinachokula vidole ni bromelaini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini, ndugu wa kile cha papai bichi tunalolainishia nyama ya mishkaki. Bromelaini ya viwandani hutolewa zaidi kwenye mashina, na wakulima wa Kiwangwa waliomletea mzigo yule mama walikuwa wakiyaacha mashina yaoze shambani. Iliniuma. Nikamwomba aniagizie gunia moja, nikalipandisha daladala huku kondakta akinidai nauli ya watu wawili.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka wa mgawo wa umeme. Nilisaga mashina ndani ya bafa ya pH 7, yaani maji ambayo kiwango chake cha asidi hakibadiliki ovyo, nikakamua kwa kitambaa kama mtu anayekamua tui, kisha nikatia amonia salfati kidogo kidogo hadi protini zikajitenga na kuzama. Ni chumvi ile ile ambayo wakulima huiita mbolea ya SA, ila ya maabara imesafishwa zaidi. Baada ya hapo chumvi yenyewe lazima itoke, kwa hiyo nikaweka protini kwenye mfuko wa utando uliozama majini usiku kucha, ndani ya friji. Saa nne usiku umeme ukakatika. Kulipopambazuka nilikuwa Feri, nanunua barafu ya wavuvi, narudi nayo kwenye ndoo huku nikiomba isiyeyuke kabla sijafika.

Ikaja siku ya bomba, lile linalojazwa rezini, yaani chembechembe zinazonasa baadhi ya vitu na kuviacha vingine vipite. Kabatini kulikuwa na rezini moja tu, inayoitwa DEAE, na ndani ya faili la maabara kulikuwa na karatasi ya maelekezo ya kusafisha bromelaini kwa rezini hiyo hiyo. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Chembe za rezini hiyo zina chaji chanya, hivyo hunasa vitu vyenye chaji hasi. Karatasi ilisema kinachopita mwanzo ni uchafu, mwaga. Bromelaini itabaki imenasa, nayo utaitoa baadaye kwa maji ya chumvi. Nikamwaga kwenye sinki. Kisha nikapitisha chumvi, nikakinga neli ishirini, na kutoka kila moja nikadondosha tone kwenye maziwa ya vuguvugu. Bromelaini ikiwepo, maziwa huganda.

Neli zote ishirini, maziwa yalibaki maziwa.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Fundi wetu wa maabara, mama wa makamo tuliyemheshimu kuliko walimu wengi, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

Nikamweleza. Akachukua karatasi, akaisogeza dirishani, akaisoma taratibu. "Hii imeandikwa kwa tunda au kwa shina?"

Sikuwahi kuiuliza karatasi swali hilo. Ilikuwa ya tunda. Sasa, kila protini ina pH yake ambapo chaji zake husawazika; chini ya hapo huwa chanya, juu yake huwa hasi. Bromelaini ya tunda husawazika karibu na pH 4.6, ya shina karibu na 9.5. Mmea mmoja, jina moja, tabia mbili. Ndani ya bafa ya pH 7 ile ya tunda ina chaji hasi na rezini ingeidaka. Yangu, ya shina, bado ilikuwa chanya. Chanya na chanya hufukuzana. Ilipita kwenye bomba bila kugusa kitu, ikaingia moja kwa moja kwenye sinki.

"Gongo unaipika," mama akaniambia, "kwa sababu pombe inapanda mvuke kwenye nyuzi 78, maji yanangoja 100. Asidi ya ndimu wanayoitengeneza kwa ukungu viwandani, wanaitilia chokaa, inazama chini. Hii yako ukiipika imekufa. Wewe ulianza kwa kuangalia kabatini kuna nini. Mwanangu, mjue kwanza unayemtafuta. Anavumilia moto? Mkubwa au mdogo? Chaji yake ipi?"

Miaka baadaye nilisoma jinsi mwanasayansi Norman Heatley wa Oxford alivyoitenga penisilini mwaka 1940: katika maji yenye asidi ilihamia kwenye etha, kimiminika kisichochanganyika na maji, kisha ikarudishwa kwenye maji yasiyo na asidi. Lakini asidi hiyo hiyo huiharibu penisilini, kwa hiyo kazi ilibidi iwe ya haraka na ya baridi. Naipenda sana habari hiyo. Nikiisoma namkumbuka yule mama dirishani.

Rezini ya kunasa chaji chanya hatukuwa nayo, na kuagiza kungechukua miezi. Nikamwambia basi, nimekwama. Akatikisa kichwa. "Bomba ni hilo hilo. Badilisha unachokinga."

Nikarudi Mabibo, gunia la pili, barafu ya Feri nikiwa nimeinunua mapema safari hii. Nikapitisha maji yangu kwenye DEAE ile ile. Ile rangi ya kahawia iliyonisumbua tangu siku ya kusaga ikanasa juu ya rezini, pamoja na protini zenye chaji hasi, na chini yakaanza kudondoka maji maangavu. Kila tone nililikinga. Mama alisimama nyuma yangu, mikono ameikunja, hasemi kitu.

Nikadondosha kwenye maziwa. Neli ya kwanza, bado. Ya pili ikaanza kuwa nzito. Ya tatu niliisubiri kidogo, nikaiinamisha juu ya sinki, na maziwa hayakumwagika.