Eneo liko sawa, kiwanja kimegeuka: beringi na koordineti ndani ya AutoCAD

Kiwanja kikichorwa kimegeuka, mita za mraba hazitokwambia. Mistari itafunga, urefu wa kila upande utalingana na daftari la vipimo, eneo litatoka vilevile, na bado kiwanja kizima kitakuwa kimekaa sipo. Ndiyo maana anayechora asiridhike na eneo. Atazame kwanza mstari wa mwanzo unaelekea wapi.

Chukua bikoni (alama ya kona ya mpaka) ya kwanza ya kiwanja cha upande wa Fuoni: E (mashariki) 526612.40, N (kaskazini) 9316840.15. Kwenda bikoni ya pili ni mita 35.42 kwa beringi, yaani pembe ya mwelekeo wa mstari, ya 127°15'30". Kwa hesabu, E inaongezeka 28.19 na N inapungua 21.44, kwa hiyo bikoni ya pili ni E 526640.59, N 9316818.71, yaani kusini-mashariki ya ile ya kwanza. Sasa fungua mchoro mpya usioguswa ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, andika LINE, weka nukta ya kwanza, kisha @35.42<127d15'30". Mstari unakwenda kaskazini-magharibi. Programu haijaharibika. Kwa mpangilio iliyokuja nao, pembe huanza mashariki na huzunguka kinyume na mshale wa saa. Mpima ardhi anaanza kaskazini na kuzunguka pamoja na mshale wa saa.

Dawa iko kwenye amri ya UNITS. Kwenye Angle chagua Deg/Min/Sec, usahihi uufikishe kwenye sekunde, weka tiki kwenye Clockwise, kisha bonyeza Direction uchague North. Yote mawili yawekwe, tiki na North, si moja. Mpangilio huu huhifadhiwa ndani ya faili la mchoro, hauhifadhiwi ndani ya programu, kwa hiyo mchoro mpya kesho utarudi kulekule. Uweke kwenye faili lako la kiolezo la .dwt, yaishe. Ila jua kwamba maandishi nayo yatafuata: TEXT ikikuuliza mzunguko, sifuri sasa ni kaskazini na neno litasimama wima. Ili lilale kawaida, andika 90.

Umbo lenyewe hukuonesha ulichosahau. Ukisahau yote mawili, kiwanja kinapinduka kama kwenye kioo, kaskazini inakuwa mashariki na mashariki inakuwa kaskazini. Ukiweka North ukasahau tiki, mashariki na magharibi zinabadilishana. Ukiweka tiki ukasahau North, umbo halikupinduka, limezunguka robo duara kufuata mshale wa saa. Mara zote tatu eneo halibadiliki hata kidogo.

Visiwani tuna kipimo cha haraka cha macho ambacho wenzetu wa mbali hawana. Makka iko karibu kwenye longitudo yetu hii hii, kwa hiyo kibla cha Unguja ni kaskazini, kimezidi kwa digrii 1 hivi tu. Kama ndani ya mchoro au jirani yake kuna msikiti uliopimwa, mihrabu itazame upande wa juu wa karatasi. Ikitazama kulia, rudi kwenye UNITS, au kwenye mpangilio wa safu za koordineti zako.

Maana kuna kosa la pili linalotoa picha ileile kabisa: kubadilisha E na N. Mashine nyingi za kupimia hutoa faili lenye N kwanza kisha E, na AutoCAD inataka X kwanza, ambayo ni E. Hapa tarakimu zinasaidia. Kwenye UTM, mfumo wa koordineti za mita unaogawa dunia kwa kanda, Unguja na Pemba zote ziko ukanda wa 37 Kusini, kwa hiyo E ina tarakimu sita ikianza na 5, na N ina tarakimu saba ikianza na 9. Mji wa Zanzibar N ni kama 9319000, Chake Chake ni kama 9420000. Ukiona namba ya tarakimu saba imekaa kabla ya mkato, simama hapohapo.

Mkato nao una mambo yake. Ukinakili 9,316,840.15 kutoka kwenye jedwali lililopangwa kwa maelfu, AutoCAD inasoma X ni 9, Y ni 316, Z ni 840.15. Ondoa mikato ya maelfu kabla ya kunakili. Usiache nafasi baada ya mkato wa katikati pia, kwa sababu kitufe cha nafasi ni sawa na Enter. Alama ya digrii andika d. Na usiandike 127.1530 ukikusudia digrii 127 dakika 15 sekunde 30: programu itasoma desimali, ambayo ni 127°09'10.8". Kwa mita 35.42 mstari unapotoka kwa sentimita 6.5. Ni kidogo kiasi cha kutoonekana kwenye skrini, na ni kingi kiasi cha kuingiza ukuta wa jirani.

Kisha F12. Kitufe hiki huwasha na kuzima uingizaji wa pembeni ya mshale (Dynamic Input). Ukiwa umewashwa, nukta ya pili na zinazofuata husomwa kama umbali kutoka nukta iliyotangulia, hata kama hukuandika @. Unaandika koordineti kamili ya bikoni ya pili, mstari unaruka kilomita elfu tisa kaskazini, unadhani umepotea. Weka # mbele: #526640.59,9316818.71. Au zima F12 kabisa. Kwa kazi ya upimaji mimi nashauri kuzima. Kile kisanduku cha pembe kinachofuata mshale hakipiti 180, na hufuata upande ulipo mshale wako, juu au chini. Beringi ya 307 haitaki kubahatishwa hivyo.

Wanaoingiza bikoni nyingi kwa skripti, yaani faili la amri la .scr, wachunge mpangilio wa OSNAPCOORD. Thamani yake ya kawaida ni 2, maana yake koordineti ya kibodi inaheshimiwa lakini ya skripti inaweza kunaswa na OSNAP, ile inayovuta nukta kwenye ncha za vitu, iliyo karibu. Bikoni zikiwa zimekaribiana na umeuvuta mchoro mbali, nukta zinanasa kwenye ncha za mistari mingine na huoni chochote. Weka 1, au zima OSNAP kwa F3 kabla ya kuendesha skripti.

Kiwanja kisipofunga, usikimbilie kugawa kosa kwenye pande zote. Chora mstari kutoka nukta ya mwisho kurudi ya kwanza, uusome kwa amri ya LIST, inayoonesha urefu na pembe yake. Pengo likiwa sambamba na upande mmoja na urefu wake ni mara mbili ya upande huo, umeuingiza kinyume: umetumia beringi ya kurudi, ile iliyozidi au kupungua digrii 180. Likiwa sambamba lakini ni mita 1 au 10 kamili, tarakimu ya urefu imekosewa. Likiwa limeukata upande fulani karibu kwa pembe mraba, tafuta dakika au digrii iliyokosewa kwenye beringi ya upande huo.

Mwelekeo wa mstari unabaki ndani yake hata baada ya kuchorwa. Mstari uliovutwa kutoka bikoni ya pili kwenda ya kwanza, LIST itausoma 307°15'30", na ndivyo utakavyouandika kwenye ramani bila kukusudia. Aina za mistari zenye vijino upande mmoja, kama kingo za machimbo, nazo hugeukia upande usio wake. Amri ya REVERSE inageuza bila kuchora upya.

Na ikiwa kila kitu kimefunga, kimeelekea vizuri, lakini juu ya picha ya setilaiti kiwanja kimehama karibu mita 300 kaskazini au kusini na mita 90 hivi kwa ubavu, usikishike kwa MOVE. Hiyo ni tofauti ya datamu mbili, yaani misingi ya kupimia koordineti: Arc 1960, iliyotumika kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki, na WGS84 ya GPS. Badilisha koordineti kwa programu ya kubadilishia datamu, uchore upya kutoka namba.